Mantabali si Piza: Safari ya Forodhani na Matarajio Tunayowapa Watoto Wetu



Ndugu wasomaji, kila mwaka ufikapo mwezi wa Mei, mazungumzo ya nyumba zetu hapa Uingereza hugeuka. Tiketi huanza kuulizwa bei, pasi za kusafiria hutolewa makabatini ili ziangaliwe tarehe, na mizani ya bafuni huletwa sebuleni masanduku yapate kupimwa. Skuli zinapofungwa mwishoni mwa Julai, aila nyingi huwa zimekwisha kushika njia ya Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam au Maskati. Septemba ikiingia wote wamesharudi, na hapo ndipo habari za safari zinapoanza kusimuliwa.

Habari za watu wazima hazitofautiani sana. Nani ameoa, nani ametangulia mbele ya haki, kiwanja cha fulani kimevamiwa, bei ya samaki haishikiki. Habari za watoto ndizo zinazostahili kusikilizwa kwa makini, na mara nyingi hatuzisikilizi kwa kuwa hazitupendezi.

Mwaka 2023, mzee mmoja wa jamii yetu, mtu niliyemjua tangu ujana wetu, alinieleza kwa uchungu kwamba mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka 13 na mzaliwa wa hapa, ametamka kuwa hataki kurudi tena Zanzibar. Nilipomuuliza sababu, alinijibu neno moja: Forodhani. Tangu mtoto yule alipoanza kufahamu maneno, babu yake alikuwa akimwambia kwamba hakuna mahali duniani penye chakula kitamu kama bustani ile ya pwani. Walipofika, usiku wa kwanza tu, kabla hata uchovu wa ndege haujatoka, alimpeleka. Binti akaonja matonge mawili, akaweka uma juu ya sahani ya karatasi, akamtazama babu yake, akauliza kwa Kiingereza: "Babu, ndiyo hii?"

Mzee wangu hakupata usingizi usiku ule. Yeye hakuona kuwa kilichokataliwa ni chakula. Aliona kuwa amekataliwa yeye, na waliomzaa, na udongo alikozaliwa. Nami, kwa kuwa nilikuwako Unguja mwezi uleule na nilifika Forodhani zaidi ya mara moja, nimeona niandike machache juu ya mahali pale na juu ya jambo hili la matarajio, maana aila nyingine zinafunga masanduku hivi sasa.

Kwa faida ya vijana ambao hawajafika, Forodhani ni bustani isiyo kubwa, iliyo ukingoni mwa bahari katika Mji Mkongwe. Ukiipa bahari mgongo, upande wako wa kulia utaiona Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kutolewa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na upande wa kushoto ndipo lilipo Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Jina la Forodhani limetokana na forodha, kwa kuwa hapo ndipo bidhaa zilipokuwa zikiteremshwa na kutozwa ushuru kabla ya kujengwa gati ya Malindi. Bustani yenyewe ilitengenezwa katika miaka ya 1930 kuwa ukumbusho wa jubilei ya kifalme. Mwaka 2008 ilifungwa ili itengenezwe upya kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ikafunguliwa tena mwaka 2009 ikiwa na njia za mawe, taa, miti iliyotunzwa na mahali pa watoto kuchezea.

Mchana hapana jambo kubwa. Wazee hukaa kivulini, paka hulala chini ya viti. Pakaribiapo magharibi ndipo panapochangamka. Vijana hupanga foleni ukutani, wengine na nguo zao mwilini, wakachupa baharini mmoja baada ya mwingine, huku watu wakiwapigia makofi na watalii wakiwapiga picha. Nyuma yao meza huanza kupangwa. Wapishi huvaa makoti meupe na kofia ndefu nyeupe kama za wapishi wa hoteli kubwa, wakapanga mishikaki ya nyama na kuku, pweza, ngisi, kamba, samaki, ndizi, mihogo, viazi vitamu na mikate ya ufuta. Mashine za kukamulia miwa hunguruma, na maji yake hutiwa tangawizi na ndimu. Moshi hutanda. Kila unapopita unaitwa: "Karibu mjomba! Karibu ami, tizama bure!"

Hivyo ndivyo palivyo. Sasa tumtazame mtoto wetu aliyeletwa hapo usiku wa kwanza. Yeye hakuletwa mahali hapa nilipopaeleza. Aliletwa mahali alipojengewa kichwani kwa muda wa miaka 13, na mjenzi alikuwa babu yake.

Na huyo babu alijenga kwa kutumia nini? Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu sisi wa umri huu tunajisahau. Sisi tulikuwa watoto Zanzibar mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nani kati yetu amesahau foleni? Mchele, unga na sukari vilikuwa vya mgao. Mama zetu walijua siku ya kila kitu kuja dukani, na watoto tulitumwa alfajiri kwenda kushika nafasi. Chai ya asubuhi ilikuwa na sukari au haikuwa nayo, kwa kadiri Mungu alivyojaalia wiki hiyo. Mtoto wa wakati ule akipewa mshikaki mmoja mbele ya bahari, chini ya mwanga wa karabai, siku ya Idi, akiwa amevaa nguo mpya pekee atakayoipata mwaka mzima, ladha aliyoionja haikuwa ya nyama peke yake. Ilikuwa na njaa ndani yake, na ngoja ndefu, na Idi, na mkono wa baba. Ladha ile ilikuwa ya kweli kabisa, wala sisemi kuwa tunajidanganya tunapoikumbuka. Lakini haiuzwi pale. Mpishi wa leo hana viungo vyake, na mtoto aliyeacha friji imejaa nyumbani kwao London au Leicester hana tumbo la kuipokea.

Anayefunga Ramadhani analifahamu jambo hili bila ya kufundishwa. Tende ileile, iliyokuwa mezani tangu adhuhuri bila ya kutazamwa na mtu, hugeuka kitu kingine jua linapozama. Waliofunga hapa Uingereza katika miaka ya 2015 na 2016, Ramadhani ilipoangukia mwezi wa Juni na magharibi ya London ikawa baada ya saa tatu za usiku, watakubaliana nami kwamba maji ya bomba yalikuwa na utamu wa sharubati.

Basi, turudi kwenye ile sahani ya karatasi. Nilipomdadisi mzee wangu ni chakula gani hasa alichomnunulia mjukuu wake, aliniambia, "Piza ya Zanzibar." Nikafahamu nusu ya tatizo.

Kitu hicho, ambacho leo kimeandikwa "Zanzibar Pizza" kwenye mabao ya wauzaji, kwetu huitwa mantabali. Ni donge dogo la unga wa ngano linalosukumwa na kuvutwa kwa mafuta mpaka likawa jembamba kama kitambaa, kisha likatiwa nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili boga na yai bichi, siku hizi na jibini na mayonezi pia, likakunjwa pembe nne na kukaangwa juu ya chuma bapa. Jina lake ni la Kiarabu, mutabbaq, yaani kilichokunjwa. Waliokwenda Makka au Yemen wamekiona huko, na watu wa Malaysia na Singapore wanacho, wakikiita murtabak. Ni chakula chenye ukoo mkubwa uliotembea katika bandari za Bahari ya Hindi. Na Italia haimo katika ukoo huo.

Mtoto wa Uingereza anakijua kitu kinachoitwa piza kuliko anavyokijua chakula kingine chochote. Anajua iwe na rangi gani, jibini lake livutike vipi, tungule ziwe wapi. Ukimwambia "hii ni piza", mdomo wake hujitayarisha kwa piza, na kinachoingia ni yai, nyama na mafuta ya moto. Si kwamba chakula ni kibaya. Mdomo ulikuwa unamngoja mgeni mwingine.

Wako wataalamu waliolipima jambo hili, na ushahidi wao ni wa hapahapa tulipo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, wakishirikiana na mpishi mashuhuri Heston Blumenthal, mwenye mkahawa wa The Fat Duck katika kijiji cha Bray, walichapisha matokeo ya jaribio la ajabu. Walitengeneza aiskrimu kwa samaki aina ya samoni aliyekaushwa kwa moshi. Rangi yake ilikuwa ya waridi, kama aiskrimu ya matunda. Baadhi ya watu waliambiwa kuwa wanapewa aiskrimu. Wengine waliambiwa kuwa ni chakula cha chumvi kilichogandishwa. Kitu kilikuwa kilekile, kutoka chombo kilekile. Walioambiwa aiskrimu walikichukia, na wakaona chumvi yake imezidi. Walioambiwa ni chakula cha chumvi hawakuona ubaya huo. Kilichotofautiana ni neno tu, lililosemwa kabla ya kijiko kufika mdomoni.

Mwalimu yeyote atalielewa hili upesi. Nimefundisha kwa miaka mingi, na darasa lililoambiwa mapema kuwa somo linalokuja ni gumu hufika limekunja uso.

Na bakuli la urojo nalo limepata msiba huohuo wa jina. Watalii huambiwa kuwa linaitwa "Zanzibar mix", yaani mchanganyiko, na anayesikia mchanganyiko hutazamia vitu vikavu vilivyochanganywa, kama karanga na chevda. Sisi tunasema urojo, na neno lenyewe linatoa habari: rojo ni kitu kizito chenye majimaji. Ukilifahamu neno, umeshajua kuwa utakunywa na kutafuna kwa pamoja. Mchuzi wa unga na binzari, uchachu wa embe mbichi na ndimu, na ndani yake mbatata, bajia, kachori, nyama, chatini ya nazi, pilipili, na juu kabisa mihogo mikavu ya kukaanga inayolia meno yanapoikuta. Mtu aliyetayarishwa kwa uchachu huufurahia. Aliyeambiwa "ni supu" hudhani imeharibika.

Msomaji asije akadhani nasema kuwa kila kitu ni maneno. Kuna hatari katika kuamini hivyo, na mfano wake nao ulitokea London. Mwaka 2017 mwandishi kijana anayeitwa Oobah Butler aliisajili banda la uani kwake, huko Dulwich, katika tovuti ya TripAdvisor, akidai kuwa ni mkahawa wa kukaribisha watu kwa miadi tu. Mkahawa haukuwapo. Aliwaomba marafiki zake waandike sifa za uongo, akaweka picha za vyakula vilivyotengenezwa kwa povu la kunyolea ndevu na vitu vingine visivyolika, na kila aliyepiga simu akamwambia kuwa nafasi zimejaa. Watu walivyokataliwa ndivyo walivyozidi kutamani. Mwezi Aprili aliingia orodhani akiwa mkiani, nyuma ya mikahawa zaidi ya elfu 18 ya London, na ilipofika tarehe 1 Novemba banda lake lilikuwa la kwanza mjini kote. Mwezi huohuo alifungua mlango kwa usiku mmoja, akawapa wageni wachache chakula cha dukani cha bei ya chini, kilichopashwa moto tu kwenye maikrowevu na kupambwa kwa majani. Baadhi ya wageni wale waliuliza kama wanaweza kurudi tena.

Watu wengi walicheka waliposoma habari hiyo. Mimi ilinitia wasiwasi kidogo, kwa kuwa niliona ndani yake kitu kinachofanana na sisi. Kijana yule alikifanya chakula duni kiwe kitamu kwa kukisifu na kukificha. Nasi, kwa mapenzi na si kwa hila, tumeifanya Zanzibar iwe mahali palipofichwa, pa kusimuliwa tu, pasipofikiwa ila kila baada ya miaka mitatu au minne kwa maelfu ya pauni. Tofauti ni kwamba wageni wa Dulwich walikuwa watu wazima walioogopa kuonekana hawajui kula. Mtoto wa miaka 13 haogopi. Anauliza, "Ndiyo hii?"

Tena kuna upande mwingine ambao haki inatutaka tuutaje. Pweza aliyechomwa juzi na kupashwa moto leo hageuzwi laini na hadithi ya mtu yeyote. Wenyeji wanajua hivyo, ndiyo maana wengi wao hununua pale ambapo chakula kinapikwa mbele ya macho yao, wakauliza bei kabla ya kula, na vitu vya baharini wakavichagua kwa uangalifu. Mtoto akisema nyama ni ngumu, pengine ni ngumu. Babu asimkasirikie, aitafune kwanza.

Mzee wangu, kwa ghadhabu yake, alimkumbusha mjukuu wake kuwa Mtume wetu (S.A.W.) hakuwa akikitia ila chakula. Mafundisho hayo ni sahihi na watoto wetu wayajue. Lakini yana nusu ya pili, ambayo siku ile haikutajwa, nayo ni kwamba alipokipenda alikila, na asipokipenda alikiacha. Binti yule aliweka uma chini na kuuliza swali. Kwa maoni yangu alikuwa karibu na adabu kuliko sisi tuliomzunguka kwa lawama.

Jambo la kushangaza ni kwamba sisi wenyewe tuliwahi kuwa mahali pake. Wengi tulifika nchi hii tukiwa na London vichwani, tuliyoisoma vitabuni na kuisikia redioni. Namjua bwana mmoja, msomi, ambaye siku ya kwanza alifunga safari hadi Piccadilly Circus akitumaini kuona tembo na farasi wa sarakasi, akakuta makutano ya barabara na matangazo ya taa. Mwingine alikuja akiamini kuwa chai ya Waingereza itakuwa bora kuliko ya kwao, kwa kuwa wao ndio wenye sifa ya chai, akapewa kikombe cha maji ya moto chenye kifuko kinachoning'inia, bila iliki wala mdalasini. Miaka imepita na watu hao wamezeeka hapa, wanaipenda miji yao, wanalalamika wakikosa kifuko hicho. Waliipenda nchi hii baada ya ile London ya vitabuni kufa, si kabla.

Na upande wa pili nimewaona jamaa waliotutembelea kutoka Unguja wakapelekwa ufukweni Brighton kula samaki na chipsi. Bibi mmoja alikuwa ameahidiwa na mwanawe "samaki mashuhuri wa Kiingereza". Alimfungua karatasini, akamgeuza huku na huku akitafuta bizari, akasema kwa upole, "Mwanangu, wamesahau kumkoleza." Mwaka uliofuata alikuja dada yake. Safari hii yule kijana aliyekwisha kupata somo alimwambia mapema: "Ma'mkubwa, samaki huyu hana viungo hata kimoja, ni chumvi na siki tu, na huliwa nje kwenye upepo wa baridi, na ndege wakubwa weupe watajaribu kutunyang'anya." Bibi yule alikula samaki wake wote akimlinda kwa mwavuli, na habari ya wale ndege ingali inasimuliwa Kikwajuni hadi leo.

Sasa nieleze yaliyompata yule binti, maana Forodhani haikuwa mwisho wa safari yake. Siku ya nne au ya tano, shangazi yake anayekaa Ng'ambo alimchukua alasiri. Hakumwambia wanakwenda kula kitu gani wala kwamba kina sifa. Alimwambia tu, "Njoo unisaidie kubeba, tukanunue urojo kwa jirani kabla hajamaliza." Walipita vichochoro viwili, wakafika kwenye baraza ya nyumba ya mama mmoja mwenye sufuria kubwa na benchi fupi. Palikuwa na watoto wa skuli wamesimama na bakuli zao za plastiki. Shangazi akamweleza wakati wakingoja zamu: ni kichachu, ni cha moto, usikoroge kwanza, mihogo ile ya juu ile ingali mikavu. Binti akala limekwisha. Kesho yake akaomba kupelekwa tena, na keshokutwa akaenda mwenyewe na binamu zake, akiwa na pesa zake mkononi, akarudi na shutuma kwamba mama yule amempunguzia chatini kwa kuwa ni mgeni.

Habari hizi nilizipata kwa shangazi mwenyewe. Babu yake hakuambiwa mpaka waliporudi huku, kwa kuwa shangazi alihofia kuwa angemfuata kwenye benchi lile na kuanza kusifu.

Kuna somo la malezi hapa ambalo wazazi wenzangu watalipima wenyewe kwa kadiri ya watoto wao. Kwa upande wangu, sikubaliani na wale wanaosema dawa ni kuwashusha matumaini watoto, kuwaambia kuwa kwetu kuchafu, umeme hukatika, chakula kitawaumiza tumbo, ili wakifika wafurahi kuona si vibaya kiasi hicho. Nimeisikia dawa hiyo ikitolewa, hata katika vikao vyetu. Mtoto aliyeogopeshwa hufika ameshikilia chupa yake ya maji na simu yake, haonji kitu, na anarudi salama bila ya kuiona nchi. Sifa iliyozidi na hofu iliyozidi zote mbili humziba mtoto macho.

Lililo rahisi zaidi, nalo linahitaji subira, ni kumweleza mambo kama yalivyo, kwa majina yake. Sema mantabali, usiseme piza. Sema urojo, na mweleze rojo ni nini. Mwambie kuwa Forodhani kuna moshi na kelele, kwamba ataitwa kila hatua na anaweza kusema "ahsante" akapita. Mwambie pia habari ya foleni za mchele na sukari, kwa nini mshikaki mmoja ulikuwa sikukuu kwako. Hiyo ni hadithi yako na ataipenda ikiwa ni hadithi, mradi usimtake aionje katika sahani yake. Na usimpeleke usiku wa kwanza. Mpeleke amekwisha kulala siku mbili, amekwisha kucheza na binamu zake, na ikiwezekana wampeleke hao binamu, wewe ubaki nyumbani.

Mwaka huu mtoto wa rafiki yangu mwingine, kijana wa miaka 10, anakwenda Unguja kwa mara ya kwanza. Wiki iliyopita, baada ya sala ya Ijumaa, alinijia akaniuliza kuna nini huko, kwa kuwa baba yake amemwambia, "Muulize mwalimu." Nilimwambia kuwa kuna paka wengi sana Forodhani, kwamba maji ya bahari yakitoka ufukwe hunuka, kwamba maji ya miwa yana tangawizi itakayomchoma koo, na kwamba wakati wa magharibi vijana wa rika lake huchupa kutoka ukutani hadi baharini na nguo zao.

Alifikiri kidogo. Kisha akaniuliza ukuta ule una urefu gani, na kama maji yake yana kina.